Nguruwe wa Shemasi Jothamu

Enzi za magari ya farasi, katika mji mdogo wa Eastbrook huko Amerika, nguruwe wa Shemasi Jothamu walifukua shimo ambamo mjane Kezia alihifadhi viazi, wakala nusu ya chakula chake cha majira ya baridi. Kezia akaenda kulalamika.

"Jenga ua, mama," Shemasi alisema, kidevu juu kama yuko mimbarini. "Au mwite kijana wa mji anayekamata nguruwe wazururaji."

"Nilimwita. Aliposikia ni wa kwako, akakumbuka ana homa."

"Basi omba Mungu."

Kezia akamtazama toka kofia hadi buti. "Nitaomba, tena nikuombee na mke. Lavinia, dada wa yule mwenye kinu cha kusaga nafaka, kila Jumapili macho yake yako kwako, si kwa mhubiri."

"Kwangu mimi?" Shemasi akapangusa makombo ndevuni.

"Usichelewe tu. Mwalimu naye anamnyemelea."

Juma hilohilo Shemasi akamwoa Lavinia. Juma lililofuata mji ukakutana kuchagua maofisa wake, na Kezia akakaa nyuma na wanawake, akifuma soksi.

"Mkamata nguruwe wa mwaka huu?" akauliza mwenyekiti.

Ukumbi mzima ukamgeukia Shemasi. Kwa desturi ya Eastbrook, kazi hiyo alitwishwa bwana harusi mpya kuliko wote, na kila mwaka Shemasi ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi.

"Hongera, Shemasi," Kezia alisema, macho kwenye soksi yake. "Nguruwe wako wapo kwangu sasa hivi. Njoo na kamba."