Meno ya Bi Asumini

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi juzi tu, simu zote zina kamera na kila shangazi ana bando, palikuwa na bibi mmoja kule Lindi akiitwa Bi Asumini. Kaeni vizuri mnisikilize. Hadithi hii siimalizi mimi, mtaimaliza nyinyi, maana mimi nimechoka kugombana na watu juu yake.

Bi Asumini alilea wajukuu wawili yatima, Hemedi na mdogo wake wa kike, Somoe. Aliwasomesha kwa mikorosho. Alisomesha mpaka Hemedi akawa mwalimu wa hesabu, akasomesha mpaka Somoe akawa fundi wa kutengeneza meno ya bandia. Na yeye mwenyewe, mwenye shamba la mikorosho, hakuwa na jino hata moja kinywani. Miaka sita korosho zake alitwangiwa kwenye kinu, akazilamba kwa kijiko.

Somoe akapata kazi Lusaka, Zambia, kwenye kliniki ya meno. Kabla ya kuondoka alimkalisha Bibi kwenye kiti, akamchukua chapa ya fizi, za juu na za chini, akamwahidi kwamba atamtengenezea meno ya kutafunia korosho nzima nzima. Bibi akasema vizuri, ila asichelewe. Hilo ndilo sharti pekee alilotoa.

Somoe akachelewa. Mji mgeni, kazi mpya, chumba kipya, majirani wapya. Kila Jumapili Bibi anauliza kwenye simu, meno yangu yamefika wapi, na kila Jumapili Somoe anajibu wiki ijayo. Miezi saba ilipita hivyo. Jumanne moja alfajiri, Bi Asumini akafariki dunia.

Sasa hapo ndipo wenye akili walipoingia kazini. Shangazi yao, Sikudhani, binti wa marehemu, alikusanya ukoo mzima asubuhi ile ile, akapiga marufuku. Somoe asipigiwe simu. Yuko ugenini peke yake, akidondoka nani atamwokota? Na tena, akasema, huo ni wasia. Bibi mwenyewe, usiku wake wa mwisho, alimwambia: "Somoe asiambiwe na simu. Aambiwe na mtu wa kumshika." Ukoo ukakubali. Ukanyamaza kweli kweli. Hata vitoto vya miaka minne vilifundishwa kusema Bibi yuko shamba.

Kisha Shangazi Sikudhani, huyo huyo aliyepiga marufuku, akaingia chumbani kwake, akafungua wasapu, akabandika picha ya Bi Asumini pale ambapo kila mwenye namba yake anaiona. Chini akaandika: "Mama yangu, tangulia, nasi tu nyuma yako." Akaweka na maua, yasikosekane.

Na wa kwanza kuiona alikuwa nani? Somoe, yuko kazini Lusaka, mikono imejaa plasta ya kufinyangia meno.

Somoe alinawa mikono, akapiga simu nyumbani.

"Shangazi, Bibi hajambo?"

"Hajambo sana. Anakusalimia."

"Mbona nasikia watu wanalia?"

"Televisheni hiyo."

Somoe akakata simu. Alijifungia chooni pale kliniki akalia peke yake, na alipomaliza kulia alikuwa na hasira. Akasema moyoni, kama hamtaki kuniambia kwa simu, haya, nasubiri. Jioni ile akaitoa kabatini ile chapa ya fizi, akaanza kutengeneza meno ambayo alikuwa hana wa kumpa.

Kule nyumbani walitafuta mtu wa kupeleka habari. Mmoja mgongo unamuuma, mwingine hana pasi ya kusafiria, wa tatu anaogopa mabasi. Hatimaye walimtazama Hemedi. Hemedi akaomba ruhusa shuleni, akapewa siku nane. Siku tatu njiani kwenda, siku mbili kukaa, siku tatu njiani kurudi. Nimeshawaambia ni mwalimu wa hesabu.

Alipokuwa anapanda basi, Shangazi alimkabidhi mfuko wa korosho za kukaanga. Mwambie zimetoka kwa Bibi, akasema, asije akashtuka kabla ya wakati wake. Ndiyo hivyo. Mtu anatumwa kupeleka habari ya kifo cha mtu, na anapewa zawadi kutoka kwa mtu huyo huyo.

Hemedi akafika Lusaka Ijumaa asubuhi, miguu imevimba. Somoe akampokea kituoni kwa furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya kweli, maana alimpenda kaka yake, na alijua amekuja kufanya nini. Nyumbani alikwishapika nsima, ndiyo ugali wa kule, na samaki wadogo wakavu. Hemedi akafikiri: mtu haambiwi msiba ana njaa. Ale kwanza. Somoe akala. Hemedi akafikiri tena: na mtu aliyeshiba namna hii nitamwambiaje? Akatoa ule mfuko.

"Bibi kakuletea korosho."

Somoe akachukua moja, akaitazama. "Kazibangua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Lini?"

"Juzi," akasema Hemedi, na siku hiyo Bi Asumini alikuwa na wiki tatu kaburini.

Neno likapanda mpaka kooni, likarudi.

Jumamosi Somoe akamtembeza mjini. Wakaenda soko la vitenge, wakapiga picha kwenye mzunguko wa barabara wenye bustani, wakala mahindi ya kuchoma. Hemedi alicheka kila penye kuchekwa na hata pasipo na cha kuchekwa. Mwisho Somoe akampeleka kliniki, amwoneshe meza yake ya kazi. Akafungua droo, akatoa kikasha, akakifungua mbele ya uso wake. Yalikuwamo meno, ya juu na ya chini, meupe kiasi, yamesawazishwa vizuri, na fizi zake za rangi ya waridi.

"Haya ni ya Bibi. Nimeyamaliza juzi."

Akamtazama kaka yake usoni. Somoe aliamini hakuna binadamu mwenye ulimi atakayeyaona meno yale akaendelea kunyamaza. Amemfungulia mlango, aingie tu. Na Hemedi, maskini, aliamini hakuna binadamu mwenye moyo atakayeyaona meno yale akathubutu kusema. Aliona mlango umefungwa.

"Mazuri," akasema Hemedi.

"Yatamfaa?"

"Yatamfaa sana."

Neno likapanda mpaka kooni, likarudi.

Jumapili asubuhi wakaenda kituo cha mabasi. Hemedi amebeba begi, na ndani ya begi kile kikasha, kimefungwa kwa kanga kisivunjike. Mpelekee Bibi, alikuwa ameambiwa, na yeye alikuwa ameitikia. Dereva akawasha gari. Somoe akamwuliza, kaka, huna neno lolote la kuniambia? Hemedi akamtazama mdogo wake, akaona macho yake yamejaa machozi, akadhani ni ya kuagana.

"Ule vizuri," akamwambia. "Umepungua."

Neno likapanda mpaka kooni, likapanda na basi, likarudi Tanzania.

Mpakani, bwana mmoja wa ukaguzi alifungua kile kikasha akauliza haya meno ni ya nani. Ya bibi yangu, akasema Hemedi. Yule bwana akauliza kwa nini Bibi asingesafiri mwenyewe akapimwe vizuri. Hemedi akakaa kwenye benchi la forodha, akalia mpaka abiria wenzake wakamnunulia soda. Hao hawakuambiwa kitu na mtu, na walimshika mabega.

Alipofika Lindi, Shangazi alimpokea mlangoni.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Bado? Na hayo uliyoshika ni nini?"

"Meno ya Bibi."

Shangazi Sikudhani akakaa chini. Aliyaweka meno mapajani, akayalilia, kisha akaja juu. Mtu mzima, mwalimu, kuvuka nchi kwenda kula mahindi ya kuchoma! Akamshikisha simu amwambie mdogo wake dakika ile ile. Ndiyo, kwa simu. Safari yote ile, wasia wote ule, ukoo mzima kujiziba mdomo, na mambo yakaishia kwenye simu.

Hemedi akapiga. "Somoe, mdogo wangu, Bibi hatunaye."

"Najua," akasema Somoe. "Nimejua tangu siku ile. Niliona kwa Shangazi."

Tangu siku hiyo watatu hao hawakusemeshana. Mwezi wa kumi na mbili Somoe akaja likizo. Kaburi la Bi Asumini alikuwa hajaliona, na hapo nyumbani pana utaratibu wao: mtu haendi kaburini kwa mzazi na kinyongo na ndugu yake. Kwanza watu waombane radhi, ndipo waongozane. Basi wakakaa sebuleni watatu, meno yako mezani kwenye bilauri ya maji, na kila mmoja amekuja kuombwa radhi. Wa kuomba hakuwapo.

Shangazi akaanza. "Nyinyi mmefiwa na bibi, mimi nimefiwa na mama. Na siku nimefiwa, nimekumbuka wasia wake nikausimamia, wakati kila mtu analia. Picha niliweka kwa uchungu. Mtu amefiwa na mama yake, aanze kuhesabu nani anaiona? Nani aliniuliza hata siku moja kama mimi nimepoa? Mimi ndiye wa kuombwa radhi."

Hemedi akasema: "Mlibaki mmekaa. Nilibebeshwa mimi neno ambalo nyote mlilikimbia. Nilikosa kulisema, sawa, nilimwonea huruma. Lakini huyu alikuwa anajua! Ananitazama ninavyohangaika, ananiuliza korosho kazibangua lini. Akanipeleka mpaka kwenye meno, anipime kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Nilidhalilika mpaka mpakani. Mimi ndiye wa kuombwa radhi."

Somoe akasema kwa sauti ndogo: "Nilikuwa nimekwisha kuambiwa na picha, na wala sikutaka kuambiwa mara ya pili. Bibi alisema aje mtu wa kunishika. Kaka alikaa na mimi siku mbili, mkono wake uko hapa, wangu uko hapa. Angenyamaza hivyo hivyo, akanishika, ningemwelewa. Ukoo mzima mmenisalimia kwa niaba ya maiti, na nimelia chooni peke yangu. Mimi ndiye wa kuombwa radhi."

Shangazi akamjibu bila kumtazama: "Na meno? Yalitaka siku ngapi, fundi? Mama alikufa anakuuliza wewe."

Somoe akainamisha kichwa. Hemedi akanyoosha mkono kidogo kumwelekea mdogo wake, kisha akaurudisha akajikuna shingo. Hata siku hiyo.

Likizo ya Somoe imebaki siku mbili. Wako pale mpaka sasa, sahani ya korosho katikati yao, hakuna aliyetafuna. Wapo watu wanaoniambia wa kuombwa radhi ni Bi Asumini, kwa kuwa aliomba mambo mawili tu, meno yasichelewe na mjukuu ashikwe, akakosa yote mawili. Nawauliza, ataombwaje, na wa kufika kaburini kwake hakuna?

Shangazi aliyetunza wasia na kuuvunja chumbani kwake. Kaka aliyebeba neno nchi mbili, kwenda na kurudi, bila kulitua. Dada aliyejua yote na kusubiri aone nani atasema. Mmewasikia kwa vinywa vyao. Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu watu wa wenzenu, semeni: nani alistahili kuombwa radhi? Na nani katika hao watatu anyanyuke wa kwanza, aende akamshike mwenzake?