Labda ya Ngwali

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali kwa sababu simu za kupiga video zilikuwepo, alifariki bingwa wa bao aitwaye Mshamu. Alimwachia mkewe, Bi Mafunda, bao lake la mninga na usia mmoja: apewe mtu atakayewafundisha watu wengi kulicheza, lisije likageuka ubao wa kukatia mboga. Bi Mafunda akalifunga kwa kanga, akangoja. Sikilizeni vizuri, maana mimi mwenyewe hadithi hii inanichanganya.

Mwanafunzi mkubwa wa marehemu alikuwa Ngwali. Bao alikuwa analijua, tena analijua mno, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake. Ukimuuliza jambo dogo anakumbuka wanavyocheza huku na wanavyocheza kule, basi kila sentensi inaanza na labda. Akajirekodi akifundisha. Watu wakatazama kidogo, wakaenda zao.

Akaja Kombo. Kombo hakujua hata kete inavyoshikwa, lakini alijua kukata video. Akakata labda ya kwanza, akakata ya pili, akazikata zote. Ngwali akatokea kwenye simu za watu anazungumza kama hakimu. Watu wakatazama, wakasambaziana. Hata Ngwali mwenyewe akajitazama, akajipenda.

Siku moja mtazamaji akauliza: nimekula, na kete yangu ya mwisho imeangukia kwenye nyumba yangu, lile shimo langu lenye kete nyingi, je, nilale, yaani niishie hapo, au nisafiri, yaani nizichote zote niendelee? Ngwali akajibu, "Labda utalala, labda utasafiri. Ni hiari yako."

Mnaona? Safari hii labda haikuwa woga. Labda ndiyo ilikuwa kanuni yenyewe. Kombo angejuaje? Akakata kama alivyozoea, na kwa kuwa majibu mawili yaligongana, akabakiza lile lililosikika vizuri zaidi: "Utasafiri."

Neno hilo likamfikia Salhina, msusi, ambaye hakuwahi kugusa bao maishani mwake. Akajifunza kwa video, akawafundisha wateja wake, nao wakawafundisha waume na mawifi zao. Salhina hakubabaika hata mara moja, kwa kuwa hakujua kuna cha kubabaikia. Mji mzima ukacheza, na kila aliyefika kwenye nyumba akasafiri.

Basi Ngwali akaenda kucheza na Salhina mbele ya watu. Kete ya mwisho ya Ngwali ikaangukia kwenye nyumba. Hapo ilimfaa alale. Wajuzi wote waliliona hilo. Akasafiri, akafungwa. Walipomuuliza kulikoni, alisema kwa huzuni, "Nilijiona kwenye video nikisema utasafiri. Nikadhani huenda ndivyo nilivyofundishwa."

Wote watatu wakamwendea Bi Mafunda.

Ngwali akasema, "Bao ni langu. Yote wanayoyajua yametoka kwangu."

Kombo akasema, "Bao ni langu. Yalipotoka na labda zako, nani aliyasikiliza?"

Salhina akasema, "Bao ni langu. Nyinyi mmezungumza na simu. Mimi nimefundisha watu, na huyu bingwa wenu nimemfunga."

Ngwali akamwambia amewafundisha makosa. Salhina akamjibu kwamba amefundisha yaleyale yaliyotoka kinywani mwa Ngwali mwenyewe. Wote wawili wakamgeukia Kombo, naye akasema yeye alipunguza maneno tu, hakuongeza hata moja.

Bi Mafunda akashika kichwa. Marehemu alitaka bao lichezwe, na sasa linachezwa kila kibaraza. Lakini hilo linalochezwa ni bao lake kweli? Akamwambia Ngwali, "Mwanangu, sema mbele ya watu nisikie. Mtu akifika kwenye nyumba, analala au anasafiri?"

Ngwali akafikiri sana. Akasema, "Labda."

Hakuna aliyejua kama ametaja kanuni au ameshaisahau. Ukimtazama usoni, hata yeye hakujua. Bi Mafunda amelishika bao, na mikono ya watu watatu imenyooka mbele yake. Mimi nimeshampa kila mmoja wao kwa zamu, na kila mmoja nimemnyang'anya. Haya, nyinyi mnaojiamini: bao la Mshamu ni la nani?