Neno Alilochagua Mama

Sogeeni, na kila mmoja amshike mwenzake mkono.

Zimwi alimkamata Mishi kisimani, mbele ya mama yake, Mwanakheri. Akanguruma: "Mama wewe, chagua neno nilitimize. Ayeyuke? Atoweke? Au apotee?"

Mwanakheri akayapima maneno. Kuyeyuka ni kwisha kabisa. Kutoweka hakuachi hata unyayo.

"Apotee," akasema.

Zimwi akacheka, akapuliza, na pale aliposimama Mishi pakawa patupu.

Mwanakheri akakimbia kijijini akigonga debe lake la maji: "Mtoto amepotea, jamani!" Wanawake wakaacha vyungu motoni, wanaume wakatupa majembe, wote wakaingia msituni. "Mishi! Mishi! Mishi!" Jua likazama, makoo yakakauka. Ndipo kichakani ikasikika sauti ndogo: "Abee!"

Zimwi akashangaa. Kwao, akipotea mmoja, hakuna anayemtafuta.

Haya, tazamaneni. Mpo wote?