Mashua ya Jeruto

Sisi binadamu tuna tabia moja mbaya. Tukikuta kitu kizuri, swali letu la kwanza ni kimenunuliwa wapi. Nani aliungua vidole akikitengeneza, hilo hatuulizi. Ndiyo maana wahenga, ambao hawakuwa na mzaha, walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Hakuna chombo kinachojiotea chenyewe kama uyoga.

Jeruto, binti ya Kimeli wa Kapsokwony, hakuwa amewahi kuona ziwa, sembuse bahari. Meli aliijua kwa picha ya kalenda tu. Hata hivyo, mwaka wa 1993, akiwa kidato cha pili, aliamua kuunda mashua ndogo inayoongozwa kwa rimoti na yenye taa zake: nyekundu kushoto, ya kijani kulia, na ya manjano mlingotini. Alitaka kuipeleka kwenye mashindano ya sayansi mjini Bungoma.

Baba yake hakupendezwa hata kidogo.

"Nyaya ni kazi ya wanaume," alisema. "Mwaka ujao utaacha fizikia, usome sayansikimu kama wenzako. Labda hiyo kitu yako ishinde, ikupeleke Nairobi. Hapo nitanyamaza."

Maneno hayo yalimchoma Jeruto, kwani fizikia aliipenda kufa. Alijifunga kibwebwe.

Rimoti na mota alivipata kwa Jotham, fundi wa redio wa Kimilili, aliyekuwa na kigari cha kuchezea kilichovunjika magurudumu. Taa pia zilitoka kwake: vile vitaa vya LED, vidogo kama punje za mahindi, ambavyo huwaka redio inapofunguliwa. Kwa pupa yake, Jeruto alikiunga cha kwanza moja kwa moja kwenye betri. Kiliwaka mara moja, kikafa. Akaunga cha pili, nacho kikaenda.

Jotham alicheka hadi akashika mbavu. "Pole pole, dada! Hiyo si balbu, bana. Unaishibisha mpaka inapasuka! Weka rezista hapa katikati, ipunguze moto. Na mguu mrefu uende kwa chanya, ama haitawaka hata ukiiombea."

Likizo nzima Jeruto alilehemu nyaya kwa msumari aliouchoma kwenye jiko la makaa. Vidole vilitoka malengelenge. Bati la mashua alilikata kutoka debe moja alilolikuta nyuma ya ghala. Akaziba vishimo vyake kwa gundi, akalisugua, akalipaka rangi ya samawati tabaka juu ya tabaka mpaka likang'aa kama kioo. Rangi ile ilikuwa fahari yake kuliko kitu kingine chochote.

Siku ya mashindano, mashua iliwekwa kwenye beseni kubwa la maji. Jeruto alibonyeza rimoti. Mashua ikazunguka taratibu, taa zote tatu zikiwaka, na ukumbi mzima ukasema, "Alaa!"

Bwana Wahome, mwamuzi, aliinama akaipapasa. "Ni nzuri mno," alisema, "na hapo ndipo shida ilipo. Hii ni ya dukani. Mashindano haya ni ya vitu mlivyounda wenyewe. Nitalifuta jina lako."

"Mwalimu, nimeiunda mimi! Angalia, hii ni rezista. Bila hii kitaa kinaungua, nimeshaunguza viwili!"

"Hayo hata kasuku anaweza kukariri."

Mlangoni Jeruto alimwona baba yake, aliyekuja kumchukua, amekunja uso. Fizikia ilikuwa inamponyoka hivihivi akiona. Akaomba wembe, aonyeshe bati la debe lililo chini ya rangi. Machozi yakimlengalenga, akaanza kuikwangua rangi ile aliyoipenda. Samawati ikabanduka, gundi ikabanduka, na chini yake vikajitokeza vishimo vya msumari vilivyopangwa vikawa herufi: CHESANG.

"Wee!" Sauti ya Kimeli ilivuma mlangoni. "Hilo si debe la mke wangu? Lile la harusi?"

Watu wakageuka. Kimeli akapenya hadi mbele. "Mwalimu, hilo jina niligonga mimi kwa mkono wangu, ili debe likiazimwa kwa harusi lirudi nyumbani. Na mwaka huu wote tumemlaumu jirani yetu Edah bure, ati amelikalia!"

Ukumbi uliangua kicheko. Hata Bwana Wahome alicheka. Kisha akainua kifuniko cha mashua, akatazama nyaya zilizolehemiwa kwa msumari, akatazama vidole vya Jeruto. "Binti yangu, nimekukosea," alisema. Jioni ilipofika, jina la Jeruto lilisomwa la kwanza miongoni mwa wanaokwenda Nairobi.

Kimeli alikuwa ameahidi kunyamaza. Wapi! Njia nzima alieleza habari za rezista kana kwamba alizaliwa nazo, mashua ameipakata yeye mwenyewe, na alipoulizwa kuhusu fizikia alishangaa kwamba kuna mtu aliyewahi kuipinga. Walipofika Kimilili, mwanamume mmoja sokoni alisimama akaikodolea macho.

"Mzee, kitu kizuri hivi umenunua wapi?"

Kimeli alimgeuzia ubavu uliokwanguliwa, wenye jina la mkewe, kisha akamshika binti yake bega.

"Haijanunuliwa, ndugu yangu," alisema. "Ukiona vyaelea, vimeundwa."