Mtu Mmoja, Dakika Kumi

Hapo zamani, wala si zile za wafalme na majini, ni zamani hii hii ya juzi ambayo wengine wenu mnajifanya hamuikumbuki, kulikuwa na mama mmoja milimani Upare akiitwa Nakijwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbonea. Mbonea alikuwa na mke, Namsifu, na rafiki wa kufa na kuzikana, Kisaka. Hao ndio watu wangu. Washikeni vizuri, maana mwishoni nitauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Kule kwao maji ni ya zamu. Kuna ndiva, yaani bwawa la kijiji, na kila nyumba ina siku yake ya kufungulia mfereji. Ukishikwa unaiba maji ya watu, popote pale, nyumba yako inafutwa kwenye zamu, wewe na wanao. Mwizi wa kuku atasamehewa, wa maji hapana.

Basi, jioni moja ya kiangazi Mbonea aligombana na jirani yake Chedieli pale kwenye ndiva, watu wakisikia. Chedieli alikuwa ameziba mfereji kabla zamu ya Mbonea haijaisha. Mbonea akafoka, "Utanitambua!" Kesho yake asubuhi Chedieli alikutwa chini ya ukuta wa ndiva, kichwa kimepasuka, amekufa.

Aliteleza? Alisukumwa? Mpaka leo hakuna ajuaye. Lakini Mbonea alikuwa wapi alfajiri ile, hilo nitawaambia. Alikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima, yeye na Kisaka, wakichepusha maji ya watu wa huko. Mahindi yao yalikuwa yanakauka.

Polisi wakaja, wakamchukua. Na askari aliyemhoji nisimsingizie, alimwambia yote. "Unatuhumiwa kumuua Chedieli. Hulazimiki kusema neno. Ukisema, nitaandika, na litatumika mahakamani. Una haki ya kumwita ndugu au wakili akae nawe hapa. Nimwite?"

Mbonea akacheka. Akacheka, jamani! "Wakili wa nini, afande? Wakili ni wa wauaji. Andika: nilikuwa nyumbani, nimelala."

Akatia dole gumba. Alikuwa anaficha maji, masikini, wala hakujua kwamba anajichimbia shimo.

Sasa mke. Namsifu alihojiwa siku ile ile, akasema alichokijua: mume wake alitoka kabla hakujapambazuka, alikokwenda hakusema. Kesi ilipofika mahakama kuu, jaji akamgeukia kwa upole. "Wewe ni mke wa mshtakiwa. Sheria haikulazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mumeo. Ukitaka, shuka kizimbani, hakuna atakayekugusa."

Nakijwa, kwenye benchi la nyuma, alikuwa akimwomba kimoyomoyo: shuka, mwanangu, shuka. Namsifu hakushuka.

"Mheshimiwa, nikishuka watasema naficha uovu. Mume wangu hakuua. Nitasema kweli, na kweli itamtoa." Akasema. Alitoka kabla hakujapambazuka. Na karatasi yenye dole gumba inasema alikuwa amelala! Nakijwa alimwona mwanawe akiinamisha kichwa. Akamchukia mkwewe papo hapo, akajichukia kwa kumchukia.

Msimlaumu haraka, maana mama naye ana lake. Kule, ukigombana na mtu akafa kabla hamjapatana, nyumba yako inapeleka mbuzi msibani, ili ugomvi usiende naye kaburini. Hata kama mligombania kikombe. Mbonea alipokuwa mahabusu, Nakijwa akafungua zizi. Namsifu akamzuia. "Mama, ngoja kwanza tumuulize mtu anayejua sheria."

"Mimi nimezika watu kabla hujazaliwa," Nakijwa akamjibu. "Wewe ndiye utanifundisha msiba?" Akampeleka mbuzi mwenyewe, kwa mkono wake, mchana kweupe.

Wakili wa serikali, yule anayeshtaki, akamng'ang'ania mbuzi yule! "Mheshimiwa, nyumba isiyo na hatia inapeleka mbuzi wa nini kwa wafiwa?" Nakijwa akasimama, akapiga kelele, "Mbuzi ni wangu! Ni wa pole! Mwanangu hakumtuma mtu!" Karani akamwambia akae, la sivyo atatolewa nje. Wakili wa Mbonea, wa kupewa na mahakama, alijaribu kueleza mila, lakini jaji alikuwa mgeni, akaandika, akaandika, wala hakuinua macho.

Amebaki Kisaka. Huyo nikimtaja mate yananikauka. Yule wakili wa Mbonea alimbana mteja wake kule gerezani mpaka akasema ukweli: maji, bonde, Kisaka. Wakili akaiarifu mahakama mapema kwamba kuna shahidi alikuwa naye alfajiri ile. Kisaka akaahidi, akaapa kwa marehemu baba yake. Siku ilipofika akateremka mlimani, akafika hadi mlangoni pa mahakama. Akachungulia. Mwenyekiti wa maji, yule anayefuta nyumba kwenye zamu, alikuwa amekaa benchi la mbele, fimbo magotini. Kisaka akawafikiria wanawe watano na shamba lisilo na maji.

Akaitwa ukumbini. "Kisaka!" Kimya. "Kisaka!" Kimya. "Kisaka!" Nakijwa alikuwa amegeukia mlango, shingo inamuuma, na mlango haukufunguka. Mwenzetu alikuwa ameshapanda basi, anakwenda kujificha kwa shemeji yake.

Mbonea akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Miaka kumi na miwili.

Siku ya tatu Kisaka akaja kwa Nakijwa, akapiga magoti, akamwaga yote. Nakijwa hakumpiga. Alitaka sana kumpiga, mikono ikakataa. Wakamwendea wakili. Wakili akasema ameshaandika notisi ya rufaa, ila majaji wa juu husoma yaliyosemwa kule chini, na shahidi aliyejificha kesi ikisikilizwa hupokelewa kwa shida. "Kwa shida," akarudia, "lakini si kwamba haiwezekani. Aje aape, tuandike."

Kisaka akasema atakuja kesho. Kesho ikawa keshokutwa.

Ndipo habari ikaja: Mbonea anahamishiwa gereza la mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Wote watatu, mama, mke na rafiki, wakateremka asubuhi. Getini askari akawaangalia, akaangalia saa. "Gari linaondoka sasa hivi. Anaingia mtu mmoja, dakika kumi."

"Niingie mimi," akasema Nakijwa. "Nina miaka sabini na mitatu. Kumi na miwili siimalizi, na huko mbali miguu yangu haifiki. Ninyi mtamwona tena. Mimi nikimkosa leo, nimemkosa. Nataka nimwambie mwenyewe kwamba mbuzi nilimpeleka mimi."

"Mama, nisamehe, niingie mimi," akasema Namsifu. "Tangu siku ile hajaniangalia usoni. Anaamini nimemuuza. Akiondoka na hilo moyoni, hata akirudi hatarudi kwangu. Wewe ni mama yake, atakupenda hata usipoingia. Mimi je?"

Kisaka akaingia kati yao na geti. "Mama, shemeji, mkinipiga ni haki yenu. Lakini niingie mimi. Najijua. Nikimwona na zile nguo za gereza, nitatoka hapa moja kwa moja kwa wakili nikaape, maji wachukue. Nisipomwona, nitarudi mlimani, nitamkuta mwenyekiti, nitaogopa tena. Nitaogopa tena, mama!"

Namsifu akaangua kilio. Nakijwa akamtazama Kisaka, akatamani kumwamini, akashindwa. Akatamani kutomwamini, akashindwa vilevile. Ndani gari lilikuwa limeshawashwa. "Dakika tisa," akasema askari, mkono kwenye komeo. "Nani?"

Haya, ninyi mliokuwa mnaguna muda wote, huyu mjinga, yule mwoga, semeni sasa. Mmoja hatamwona tena. Mmoja ataachwa na mume. Mmoja ameshika ufunguo wa gereza, na hakuna anayejua kama atautumia. Je, nani alistahili kuingia?