Moto wa Pimbi katika Bustani ya Wote

Hapo zamani za kale, watoto, wakati wanyama walikuwa bado na nyumba, majirani na mikutano ya kijiji, kulikuwa na bustani nzuri juu mlimani. Iliitwa Bustani ya Wote. Ilikuwa na nyasi laini, vivuli, na vijia vya kutembea jioni. Na kwa kuwa ilikuwa ya wote, kila mmoja aliitumia na hakuna aliyeifagia. Mnacheka? Haya, chekeni, kwani kwenu hakuna mahali kama hapo?

Kipupwe kilipoingia, mambo yalizidi. Baridi ya kule mlimani ilikuwa ya kung'ata masikio. Majani yalidondoka yasizolewe, matawi yakavunjika yakalala njiani, magunzi ya mahindi na maganda ya miwa yakatapakaa kila kona. Na ule mtaro wa kupitishia maji ya mvua ulijaa udongo mpaka watu wakasahau kwamba palikuwa na mtaro.

Hakuna aliyejali, ila Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo wa majabalini, hana hata mkia wa kujivunia. Alikaa na wanawe kwenye pango, chini kidogo ya bustani. Vuli iliyopita maji ya mvua yalikosa njia, yakateremka moja kwa moja mpaka nyumbani kwake. Yakabeba mkeka, yakabeba vyungu, yakambeba na kitinda mimba wake, Tunu! Walimkuta ameng'ang'ania mzizi, anatetemeka, sauti imemkauka. Tangu siku hiyo Pimbi akisikia ngurumo, hata ya tumbo la jirani, moyo ulimwenda mbio.

"Vuli ikinikuta na mtaro huu ulioziba, mwanangu sitampata tena," alijiambia.

Basi akaenda kwa mwenyekiti, Mzee Tembo, kuomba msaragambo, yaani ile siku ambayo kijiji kizima hutoka kufanya kazi kwa kujitolea. Tembo akaitisha mkutano papo hapo. Mikutano aliipenda kuliko chakula, na chakula mnajua alivyokipenda.

"Nani atajitolea kusafisha bustani yetu?" akauliza.

"Mimi!" akanguruma Nyati.

"Mimi kabla yake!" akadakia Ngiri.

"Hi-hi-hi! Mimi hata sasa hivi, ila sasa hivi tuko mkutanoni," akasema Fisi.

"Na mimi nitawaongoza," akamalizia Tembo.

Wakapigiana makofi, pwa! pwa! pwa! Wakaambiana wao ni wazalendo, kisha wakaenda kulala.

Siku ya msaragambo Pimbi alidamka na kijembe chake na ufagio. Akasubiri kwenye ukungu. Akasubiri tena. Hakutokea hata nzi. Basi akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

"Hodi kwa kaka Nyati!"

"Nani huyo?"

"Mimi Pimbi, kaka. Leo msaragambo."

"Aa, dada yangu, kwato zinaniuma na baridi hii! Lakini moyo wangu uko huko huko bustanini, nakuapia."

Kwa Ngiri, alikuta blanketi limetoa pua tu. "Si nilishajitolea mkutanoni?" ikasema pua. "Au hukunisikia?"

Fisi alikohoa nyuma ya mlango, khoo! khoo! Lakini kikohozi kilimponyoka kikawa kicheko. Na Mzee Tembo alijibu kwa upole mkubwa: "Mama Tunu, kazi yangu ni kuongoza. Ukiwapata wa kuongozwa, niite."

Pimbi akarudi bustanini, akaketi juu ya jiwe, akalia. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Kijembe chake kilikuwa kidogo kama kijiko cha uji. Angekwangua mpaka vuli bila kuufikia nusu ya mtaro, na mwisho wa mtaro lilikuwa limelala gogo ambalo hata ukoo mzima wa pimbi usingelitikisa.

Upepo ukapita, vuuu! Akajikunyata. Ndipo akaacha kulia ghafla.

"Ala! Kazi wanaiogopa," akasema polepole, "lakini baridi wanaiogopa zaidi."

Asubuhi iliyofuata Pimbi aliwasha moto pale mtaro unapoanzia. Moshi ukapanda juu, ukaingia madirishani mwa watu bila kubisha hodi.

Sasa sikilizeni desturi ya nchi ile. Moto uliowashwa nje ulikuwa wa kila mpita njia. Lakini hakuna aliyeukaribia mikono mitupu. Ilikuwa lazima uje na kitu cha kuwaka, hata ungekuwa mfalme. Aliyeota moto bila ukuni alichekwa mpaka na wajukuu zake.

Wa kwanza kufika alikuwa Fisi, kikohozi kimepona.

"Dada Pimbi, habari za asubuhi! Moto huo!"

"Nzuri, kaka Fisi. Karibu. Umekuja na nini?"

Fisi akatazama mikono yake, akatazama huku na huku. Akakusanya majani makavu kumbatio zima. "Haya hapa!"

Akafuata Ngiri, amejifunga blanketi, ameburuta tawi. Akafuata Nyati na magunzi tele. Tembo naye akafika, akizoa maganda ya miwa kwa mkonga. Ilipofika saa ya jua kuchomoza ukunguni, sehemu ile ya bustani ilikuwa safi utafikiri imepanguswa na kitambaa. Na hakuna aliyekuwa amefanya kazi, jamani! Walikuwa wanaota moto tu.

Kesho yake Pimbi aliusogeza moto mbele kidogo. "Ukikaa mahali pamoja utaunguza nyasi," aliwaambia, na ilikuwa kweli. Wakasogea nao, wakazoa taka za hapo pia.

Siku moja upepo ulivuma kwa ukali. Wakubwa wote walitetemeka, meno yao yakigongana, ka-ka-ka-ka! Pimbi alikuwa amekwangua kishimo kwa kijembe chake, amejikalia ndani ametulia, anaimba.

"Ebo! Wewe mbona huna baridi?" Nyati akauliza.

"Upepo unapita juu yangu, kaka. Nimekaa shimoni."

"Shimo!" Ngiri akaruka. "Sisi akina Ngiri tumezaliwa mashimoni, leo Pimbi ndiye wa kukaa shimoni mimi niko juu?" Akaanza kuchimba, tifu! tifu! tifu!

"Udongo utupeni upande wa chini," Pimbi akasema, "msije mkauzima moto."

Nyati hakukubali kuzidiwa na Ngiri. Akachimba lake, pana zaidi. Ngiri akaona, akapanua lake. Fisi alijaribu kujibanza katika shimo la Nyati, akapigwa teke, naye ikambidi achimbe. Moto uliposogezwa, mashimo yaliachwa na mengine yakachimbwa mbele yake, moja likishikana na jingine. Na upande wa chini, juu tu ya pango la Pimbi, likainuka tuta la udongo.

Lakini Fisi, pamoja na uvivu wake, hakuwa mjinga. Asubuhi moja alisimama juu ya tuta akatazama nyuma, akatazama mbele, akakuna kichwa.

"Jamani, hebu ngojeni. Huu si ule mtaro?"

Nyati akaacha kuchimba. Ngiri akatoa pua nje. Pimbi akatupia jicho angani, maana mawingu ya kwanza ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa pili wa mlima, na lile gogo lilikuwa bado halijaguswa.

Akapiga mwayo.

"Mtaro? Mtaro ulikuwa wa msaragambo, kaka Fisi, na msaragambo ulipita, watu waliumwa. Hapa tunaota moto. Ila kama wewe unajisikia unafanya kazi, pole sana! Usirudi shimoni, pumzika huko huko juu."

Upepo ukavuma, vuuu! Fisi akatumbukia shimoni upesi. "Nilikuwa nauliza tu!"

Likabaki gogo. Siku hiyo moto ulikuwa unafifia, na bustani ilikuwa safi kiasi kwamba kuni hazikuonekana popote. Pimbi akauchokoa moto, akaguna.

"Gogo kama lile pale lingewaka siku nzima," akasema kama anayejisemea. "Lakini nani wa kulivuta? Labda kaka Nyati. Nasikia siku hizi ndiye mwenye nguvu kijijini."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Umesikia wapi?"

"Watu tu, Mzee. Mimi ni nani?"

"Nyati! Avute gogo nikiwa nimekaa!" Tembo akainuka, akazungushia mkonga, akavuta. Kraa! Gogo likang'oka pale lilipokuwa limeziba, likaburutwa mpaka motoni. Nyati akasema hata yeye angeliweza, ila kwato tu.

Jioni ile anga ikanguruma. Mvua ya vuli ikashuka kwa fujo, na wakubwa wakakimbilia majumbani kwao.

Pimbi alisimama mlangoni amemkumbatia Tunu, wote wawili wamekodoa macho juu. Wakayasikia maji yakija. Yakaja yakiunguruma, yakagonga tuta, yakageuka, yakaingia mtaroni, na hao! Yakashuka bondeni mbio, go-go-go-go, wala tone halikuukanyaga mlango wao.

"Mama, yamepita!" Tunu akasema.

"Yamepita, mwanangu," Pimbi akajibu, na safari hii alilia kwa furaha.

Mvua ilipokatika, Mzee Tembo alipanda bustanini. Akaiona ilivyong'aa, akauona mtaro unavyopitisha maji. Alishangaa kwanza. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwenyekiti, akaitisha mkutano.

"Ndugu zangu," akasema, "tazameni matunda ya kujitolea! Katika baridi ile, wengine wamelala, sisi tulitoka!"

"Tulitoka!" wakaitikia. Nyati akapewa shada la maua. Ngiri akapewa shada. Fisi akajivika lake mwenyewe.

"Lakini kuna mmoja," Fisi akasema akimnyooshea Pimbi kidole, "aliyeomba msaragambo kwa mdomo wake, halafu kazi ilipoanza hakuzoa hata jani! Kipupwe kizima kazi yake ilikuwa kukaa motoni!"

"Aka! Aibu!" kijiji kikaguna.

Tembo akamkazia macho. "Mama Tunu, ni kweli?"

Pimbi akalitazama tuta, akautazama mtaro, akamtazama Tunu aliyekuwa akiruka madimbwi. "Ni kweli, Mzee," akasema. "Nilikaa motoni."

Wakubwa wakanong'ona, wakatikisa vichwa, kisha mwenyekiti akatoa hukumu. "Kwa uvivu wako, kipupwe kijacho, na kila kipupwe, wewe ndiye utakayetuwashia moto bustanini. Asubuhi na mapema, sisi tukiwa tumelala!"

"Jamani Mzee, peke yangu?"

"Peke yako!"

Pimbi akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, wakadhani ni majuto. Maskini, alikuwa anajiziba mdomo asicheke.

Nanyi, wanangu, msiingoje shukrani kabla ya kulala salama: mkubwa hapendi kutumwa kazi, lakini mpe mahali pa kuota moto, atakuchimbia mtaro na sifa atajipa mwenyewe.