Mhanga na Ngoma ya Nyani

Paukwa!
Pakawa!
Penye ngoma?
Hapakosi wachezaji!
Na penye jembe?
Hapakosi mgongo!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale wanyama walilima pamoja, na walilima kwa ngoma. Ngoma ikienda polepole, majembe polepole. Ngoma ikikimbia, majembe mbio. Na mila yao ilikuwa hii: mstari wa mwisho hulimwa na mwenye shamba mwenyewe, huku wageni wakimpigia ngoma. Asipoulima kwa mkono wake, mbegu hazioti.

Mwaka huo mwenye shamba alikuwa Nyani. Alikaa juu ya kichuguu, ngoma mapajani, kitambi mbele. "Limeni hadi kwenye mchongoma," alisema, "nami nitampa kila mtu mbegu."

*Ti... lima. Ti... lima.*

Mbele ya wote alikuwa Mhanga, mama mwenye kucha ndefu, hodari wa kuchimba. Wakafika kwenye mchongoma. Mhanga akatua jembe, akanyoosha mgongo. Nyani akacheka. "Mmemaliza upesi hivi? Kumbe mnaweza zaidi! Hadi kwenye mkuyu."

*Ti lima, ti lima.*

Siku ya pili wakafika kwenye mkuyu. Digidigi akaanguka kifudifudi, wakamwinua. Nyani hata mkono hakuusimamisha. "Mkuyu tu? Hadi kwenye jiwe jeupe!"

*Tilimatilimatilima!*

Siku ya tatu wakafika kwenye jiwe. Nyani akakuna kitambi chake. "Kesho nitawaonyesha mpaka mwingine."

Mhanga akarudi nyumbani, vumbi tupu toka masikio hadi mkia. Mwanawe, Kishimo, alikuwa amesimama mlangoni. Mtoto akamtazama, akarudi ndani mbio. "Bibi! Bibi! Kuna mgeni nje!"

Mgeni! Jamani, Mhanga aliumia. Aliumia kuliko malengelenge yote ya mikononi. Alikaa pale nje akalia, kisha akafuta machozi, akawaza. Asubuhi alijua la kufanya.

"Mzee Nyani," alisema mbele ya wote, "mipaka yako ni ya karibu mno. Tupe hadi mtoni."

Wenzake wakashika vichwa. "Mama Kishimo, una wazimu?" akafoka Ngiri. "Unatuua!"

Mhanga akamnong'oneza: "Ndugu yangu, mchongoma umehama, mkuyu umehama, jiwe limehama. Mto hauhami."

Ngiri akashika jembe. Nyani, kwa furaha, akaipiga ngoma hadi mate yakamtoka. Wakalima, wakalima, wakalima, hadi maji yakawalowesha miguu. Ukabaki mstari mmoja tu.

"Shamba limekwisha," akasema Mhanga. "Shuka, Mzee. Mstari wa mwisho ni wako."

Nyani akatazama huku, akatazama kule. Mbele hakuna shamba, kuna maji. Na mbegu zisipoota, hata yeye atakufa njaa. Akashuka. Mhanga akapanda kichuguuni, akaweka ngoma mapajani.

"Nitapiga mwendo uleule uliotufundisha."

*Tilimatilimatilima!*

Nyani hakufika hatua kumi. "Polepole, Mama Kishimo! Mgongo wangu!"

"Kumbe migongo ipo!" akasema Mhanga, na ngoma haikupungua.

"Nakufa! Semeni mnachotaka!"

Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, eh, Mzee?"

Mhanga akasimamisha ngoma. "Tunataka hivi. Ngoma ifuate pumzi ya Digidigi. Mpaka ukishatajwa, usihame. Na jua likifika utosini, ngoma ilazwe kifudifudi, kila mtu aende kwake."

"Nakubali! Nakubali!" Nyani akamaliza mstari wake, polepole, akihema. Wanyama wakambeba Mhanga juu juu, wakaimba njia nzima, kila mmoja na mbegu zake.

Siku hiyo Mhanga alifika nyumbani jua likiwaka. Akaoga. Akamkuta Kishimo uani, akakaa naye mavumbini, wakachimba vishimo vya kuchezea, kimoja, viwili, vitatu. Mtoto akaitazama ile mikono, akaitambua. "Mama!" akasema. "Umerudi!"

Basi, wanangu, mjue: anayetaka kuharakisha ngoma, kwanza ashike jembe. Na aliyemaliza kazi apewe pumziko, asipewe kazi nyingine kwa kosa la kumaliza.

Nimefika ukingo wa shamba langu. Jembe nimelitua, ngoma nimeilaza. Atakayeiinua, aipige taratibu.